Huduma ya ofisi ya mtendaji mkuu wa jiji: tathmini ya mkazi

Miezi minne ya kufuatilia ombi la kuzibuliwa kwa mfereji wa maji ya mvua ilinifunza kazi ya mtendaji mkuu wa jiji kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma. Meya na madiwani hupitisha sera na bajeti. Mtendaji, ambaye huajiriwa kwa taaluma yake wala hachaguliwi kwa kura, ndiye anayeandaa rasimu ya bajeti hiyo, anayesimamia wakuu wa idara na anayehakikisha kwamba maazimio ya baraza yanatekelezwa. Mfano wa mwanzo wa utaratibu huu ni wa Staunton, Virginia, nchini Marekani, mwaka 1908.

Katika ofisi niliyoiendea nilionyeshwa fungu lenyewe la bajeti na idara inayohusika, uwazi ambao niliuthamini sana. Palipopwaya ni kwenye mrejesho: barua zangu mbili hazikujibiwa hadi nilipohudhuria kikao cha wazi cha baraza, na mfereji ukazibuliwa wiki iliyofuata.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ningeongeza ya nne iwapo kila ombi lingepewa namba ya kumbukumbu na tarehe ya kujibiwa.