Matairi ya Rimu Pana kwa Toyota 86: Tathmini ya Karakana Moja ya Malindi

Karakana ninayoitathmini iko kando ya barabara ya Lamu, mjini Malindi, na kazi niliyoipelekea ilikuwa moja: kuchagua na kufunga matairi yanayofaa rimu za inchi 17 zenye upana wa 8J (yaani inchi 8) katika Toyota 86, gari dogo la michezo, iliyoundwa mwaka 2016. Gari hilo lilitoka kiwandani na rimu za 7J na matairi ya 215/45R17. Wenye magari ya namna hii wanazidi kuonekana hapa pwani, na wengi wao hununua rimu kwanza kwa kupendezwa na umbo lake, kisha humwachia muuza matairi aamue saizi kwa kuangalia kilichopo rafuni. Karakana hii haikufanya hivyo, nami naona inastahili kuandikwa kwa urefu.

Fundi mkuu alianza kwa kuingia chini ya gari na rula. Alipima nafasi iliyopo kati ya tairi na springi ya mbele, akapima nafasi kati ya bega la tairi na ukingo wa madigadi, akaugeuza usukani hadi mwisho kwa pande zote mbili, na ndipo akauliza rimu mpya zina ET ngapi. Ni swali ambalo kila fundi angepaswa kuliuliza kabla ya kutaja bei. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Rimu za kiwandani za 86 zina ET48. Hizi zangu zina ET45. Inchi moja ya upana ulioongezeka haigawanyiki sawasawa: rimu mpya inaingia ndani, kuelekea springi, kwa takriban milimita 10, na inatoka nje kwa takriban milimita 16. Aliyenunua 8J yenye ET35 angebaki palepale kwa upande wa ndani, lakini angesogea nje karibu milimita 26, na tairi lingekuwa hatarini kukwaruza madigadi kila gari linapozama kwenye tuta likiwa na abiria. Rimu mbili zenye upana uleule, basi, zaweza kutaka matairi tofauti katika gari lilelile.

Baada ya hapo hesabu ya tairi lenyewe ni nyepesi. Tairi la 215/45R17 lina upana wa milimita 215 na ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 96.75, na rimu yake ya inchi 17 ni sawa na milimita 431.8. Ukijumlisha mbavu mbili na rimu unapata kipenyo cha milimita 625.3. Kipenyo hicho ndicho ambacho kipima mwendo, mfumo wa ABS unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, na uwiano wa gia vimepangiwa, na kwa sababu hiyo kinapaswa kubadilika kidogo sana. Mafundi wengi hukubali tofauti isiyozidi asilimia 3. Mimi napendelea isizidi 2, hasa kwa gari ambalo halikuinuka sana kutoka ardhini.

Zilibaki saizi chache za kujadili. Kubaki na 215/45R17 kuliwezekana, kwa kuwa tairi hilo hukubali rimu za kuanzia 7J hadi 8J. Lakini 8J ndio ukomo wake, na tairi lililofika ukomo hutanuka, ubavu ukalala kuelekea ndani na ukingo wa rimu ukabaki wazi. Vijana wanaupenda mwonekano huo. Kwa Malindi siuungi mkono hata kidogo, kwa sababu ukingo wa rimu usio na tairi la kuukinga ndio unaokutana kwanza na jiwe la matumbawe.

Saizi ya 235/40R17 ndiyo niliyoijia nikiwa nayo akilini. Inakubali rimu za 8J hadi 9.5J, na kipenyo chake ni milimita 619.8, pungufu kwa chini ya asilimia 1. Hesabu inapendeza, ila ubavu unashuka hadi milimita 94, na tairi hilo si rahisi kulipata hapa. Saizi ya 245/40R17 inakaribiana zaidi na kipenyo cha awali kwa milimita 627.8, lakini nayo huanzia 8J: ikivaliwa kwenye rimu ya kiwango chake cha chini kabisa, mabega yake huvimba na mwitikio wa usukani huchelewa, jambo linaloondoa faida yenyewe ya kupanua rimu. Ile ya 235/45R17 ina kipenyo cha milimita 643.3, ongezeko linalokaribia asilimia 3, na fundi aliikataa mara moja baada ya kurudia vipimo vyake vya madigadi.

Tulikubaliana juu ya 225/45R17. Inakubali rimu za 7J hadi 8.5J, kwa hiyo kwenye 8J inakaa kwa raha bila kuvutwa wala kubanwa. Kipenyo chake ni milimita 634.3, yaani ongezeko la asilimia 1.4, na ubavu wake ni milimita 101.25, mrefu kuliko wa tairi la kiwandani. Niliposita juu ya kipenyo kuongezeka, nilikumbuka kwamba Toyota wenyewe waliliuza gari hili katika daraja la G likiwa na matairi ya 205/55R16, ambayo kipenyo chake ni milimita 631.9. Tofauti kati ya hilo na 225/45R17 ni milimita 2.4 tu. Hoja hiyo ilinituliza kuliko kanuni yoyote ya asilimia.

Suala la ubavu linahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ushauri mwingi wa magari ya michezo huandikwa na watu wanaoendesha kwenye lami laini. Hapa kwetu lami ya barabara kuu ni nzuri kwa sehemu kubwa, lakini pembeni imemegeka, na gari linapolazimika kulipisha basi, tairi la kushoto hushuka kwenye ukingo mkali. Ukielekea Casuarina na kuingia njia za ndani, unakutana na mchanga uliofunika mawe ya matumbawe ambayo makali yake hayaonekani. Matuta nayo hayalingani: moja ni la mviringo, linalofuata limesimama wima. Katika mazingira hayo kila milimita ya ubavu ni kinga ya rimu, na kinga hiyo ndiyo inayopotezwa na wanaohamia rimu za inchi 18 na tairi la 225/40R18, ambalo ubavu wake ni milimita 90 ilhali kipenyo chake kimefika milimita 637.2. Kwa gari la kuegeshwa sawa. Kwa gari la kuendeshwa hadi Watamu na kurudi, siwezi kulipendekeza.

Upana una gharama yake wakati wa masika pia. Tairi pana hukanyaga maji mengi zaidi na hupanda juu yake kwa mwendo mdogo kuliko tairi jembamba lenye meno ya kina kilekile, na mvua kubwa ya mwezi wa Mei huacha madimbwi barabarani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuridhika na 225.

Kuna jambo la tabia ya gari ambalo nalithamini sana. Tetsuya Tada, mhandisi aliyeongoza kazi ya kuliunda gari hili, alitaka liwe jepesi na lenye kuchezeka, na liliuzwa likiwa na matairi ya kawaida ya Michelin Primacy HP badala ya matairi ya mashindano. Injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 200 haihitaji mpira mwingi nyuma. Kila unapoongeza upana kupita kiasi unaongeza uzito unaozunguka na unaifuta ile hali ya gari kukuambia, kupitia usukani, kwamba mshiko unakaribia kuisha. Nilitaka mshiko kidogo zaidi nikifunga breki, bila kuipoteza hali hiyo.

Katika ufungaji karakana ilionyesha uangalifu uleule. Rimu zangu zina tundu la katikati la milimita 73.1, ilhali habu ya 86 ni milimita 56.1, na fundi alikataa kuzifunga hadi zipatikane ringi za kujaza nafasi hiyo, kwa sababu bila ringi hizo rimu hukaa kwa kutegemea nati pekee na gari hutetemeka. Aliangalia pia fahirisi ya mzigo, namba inayoonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba: matairi ya awali yalikuwa na 87, yaani kilo 545 kwa kila tairi, na mapya yana 91, yaani kilo 615. Nati alizimalizia kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa mkono, baada ya kuzitanguliza na bunduki ya upepo.

Kasoro zipo. Matairi mawili kati ya manne yaliyoletwa kwanza yalikuwa ya zamani. Tarakimu nne za mwisho za DOT, yaani namba ya utengenezaji iliyopigwa ubavuni, ambazo mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, zilionyesha kuwa yameshakaa ghalani kwa miaka minne. Katika joto letu sikuyakubali. Yalibadilishwa bila ubishi, ila mteja asiyesoma tarakimu hizo angeondoka nayo. Isitoshe, karakana haina mashine ya alaimenti, ya kupima mwelekeo wa magurudumu, na gari lililobadilishiwa upana wa rimu halipaswi kuachwa bila kupimwa. Ilinibidi nilipeleke kwingine kwa kazi hiyo. Balansi ilifanywa vizuri, na bei niliyotajiwa mwanzo ilijumuisha kufunga, balansi na valvu mpya.

Katika safari ya kwenda Kilifi na kurudi, gari lilituliza mkao wake kwenye kona za karibu na msitu wa Arabuko Sokoke, breki zikashika mapema zaidi, na usukani umeongezeka uzito kidogo tu. Makelele ya barabara yameongezeka kwenye lami yenye kokoto nzito. Hakuna mkwaruzo wowote, hata gari likiwa na watu wawili na mizigo. Kwenye matuta ya Gede linapita kwa utulivu kuliko zamani, nami nadhani ubavu mrefu ndio unaosaidia.

Anayetaka kwenda aandike upana na ET za rimu zake kabla ya kufika, na aulize tarehe za DOT anapoagiza, kwa kuwa karakana haiweki akiba ya saizi hii na huagiza kutoka Mombasa. Saizi ya 225/45R17 huvaliwa pia na Volkswagen Golf na Mercedes-Benz nyingi za C-Class, hivyo kuipata si kazi. Gari langu lilikuja na dawa ya kuzibia pancha badala ya tairi la akiba, na dawa hiyo haisaidii ubavu ukichanika. Kwa mtu wa hali hiyo, saizi inayopatikana haraka ni bora kuliko saizi iliyo sahihi zaidi kwenye karatasi.