Boti za rimoti: nitro au umeme? Nimetumia zote mbili hapa Mwanza

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake: kama uko Bongo na huna mtu wa kukuletea mafuta, chukua ya umeme. Mwenye muda akae tuongee, maana mi ya nitro, yani yenye kainjini kadogo ka mafuta maalum, ndo niliyoanza nayo na bado naipenda kishenzi.

Niliipata mkononi kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba nzima, nikaiona imekaa juu ya friji. Akanipa na galoni ya mafuta imebaki nusu. Injini yenyewe kama ngumi ya mtoto, tu-stroku, inapozwa na maji ya ziwa yanayopandishwa na kabomba mpaka kichwani. Ikiwaka sasa! Mlio kama boksa iliyong'olewa ekzozi, na moshi wa bluu unafuata nyuma, siku ya kwanza pale mwaloni kina mama waliacha kuanika dagaa wakaja kuangalia.

Tatizo ni hiyo "ikiwaka". Plagi yake hairushi cheche kama ya pikipiki, ina kiwaya ndani, unakipachikia betri ya volti 1.5 mpaka kiwe chekundu, unavuta kamba, ikishika unachomoa betri, joto la injini lenyewe linaendeleza. Kabureta ina sindano za kurekebisha mafuta, ukibana sana moshi unakata, injini inachemka inazima, ukifungua sana inakohoa na kutema mafuta, halafu seti iliyokubali asubuhi kukiwa na baridi saa nane mchana inaweza ikagoma. Kama we ni mtu wa kushinda na bisibisi utafurahi. Mwanangu yeye alikuwa anaondoka kabla haijawaka.

Na wese lake sio petroli jamani. Fundi mmoja wa bodaboda alitaka kunichanganyia petroli na oili nikamwambia kaka asante. Ni methanoli (aina ya spiriti), nitromethani (kemikali ya kuongeza nguvu, ndo jina la nitro linapotoka) na oili, na hiyo oili ya humo humo ndo inayolainisha injini. Methanoli ni sumu, mtu akinywa anaweza kupofuka, kwahiyo usije ukahifadhi kwenye chupa ya maji. Tena inanyonya unyevu wa hewani, kifuniko kikilegea tu mafuta yameharibika, na kwenye ndege hawakuruhusu kupanda nayo kwenye begi. Nusu galoni yangu ilivyoisha ndo nikaelewa kwanini yule mzungu aliuza bei chee.

Ila kilichonichosha kabisa ni kuzimika katikati. Injini ikizima mita 60 kutoka ufukweni boti inaelea tu kama ndizi. Nani anaingia kuifuata? Ziwa Victoria lina kichocho, na mamba kuna sehemu wapo. Nimelipa mtumbwi mara tatu, na mwenye mtumbwi akikuona umesimama pale na rimoti mkononi bei anapanga yeye.

Ndo nikachukua Feilun FT012, ya Kichina, sentimita 46 hivi, mota ya brashilesi (haina brashi za kaboni ndani), betri ya lipo (lithiamu polima) seli tatu volti 11.1. Boksi linasema 45 km kwa saa, na ikipita karibu na miguu unaamini. Unachomeka betri, unafunga mfuniko, unaweka majini, basi. Mwanangu wa miaka 9 anaendesha mwenyewe. Ikinasa magugu maji unarudisha nyuma, mara nyingine yanaachia. Betri ikikaribia kuisha nguvu inapungua kwanza, unajua hapa nirudi nyumbani, na mimi kwa hilo tu nimeshaokoa hela ya mtumbwi.

Kasoro ipo, muda. Ukikanyaga mwanzo mwisho dakika 6 mpaka 8 umemaliza, halafu chaja iliyokuja nayo inachukua masaa, wakati nitro unajaza tenki unarudi majini saa hiyo hiyo. Kwahiyo nunua betri ya pili siku hiyo hiyo unayonunua boti. Na usiiache lipo kwenye chaja ukaenda kulala, seli moja ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya volti 3, ya kukaa kabatini iache kwenye 3.8, ikivimba achana nayo. Ukisafiri kwa ndege betri za akiba zinakaa begi la mkononi, hizi ndogo hazifiki hata Wh 25 (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) wakati kikomo cha kawaida ni 100.

Siku moja niliweka haraka bila selotepu kwenye mfuniko, maji yakaingia, kosa langu, nilikausha siku mbili kwenye feni ikapona. Nyie wa Dar na Mombasa mkitoka baharini suuzeni na maji yasiyo na chumvi na mpake grisi kwenye shafti kila mara, chumvi haina rafiki.

Mwenye hela aangalie Traxxas Spartan, ile kwa seli sita inapita 80 km kwa saa. Na hao Traxxas zamani walikuwa na ya nitro, Nitro Vee, sasa hivi boti zao zote ni umeme.

Ya kwangu ya nitro imerudi juu ya friji, friji langu safari hii. Naidondoshea oili na kuzungusha flaiwili kwa mkono isigande. Mke wangu kauliza mara mbili naiuza lini.