Duka la pikipiki Mabatini: nendeni na gunia lenu

Kabla ya hapa niliingia maduka mawili katikati ya mji wa Mwanza. La kwanza, kijana alinijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, chukua Boxer, wote wanachukua Boxer." La pili wakaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikatoka.

Hili la Mabatini nilielekezwa na mpakiaji mmoja wa pale Mwaloni, Kirumba. Ni fremu moja, pikipiki zimebanana mpaka barazani, uani yupo fundi. Muuzaji ni mzee wa miaka sitini hivi. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Nikamjibu shikamoo, maana mimi ni wa Ukerewe na Kisukuma changu kinaishia hapo hapo. Nikamuuliza swali ambalo bila shaka analisikia kutwa: ipi nzuri?

Hakutaja yoyote. Alinivutia kigoda, akauliza nabeba nini, napita wapi, nani ataendesha. Nikamwambia nabeba dagaa kutoka Mwaloni hadi nyumbani, huko nachambua na kufungasha. Nakaa Igogo, juu kabisa kwenye mawe. Na dereva ni mimi. Nikangoja kicheko. Hakikuja.

"Gunia lina kilo ngapi?"

"Kama arobaini."

"Hiyo 'kama' ndiyo inaua klachi. Kesho njoo nalo. Na uvae viatu utakavyoendeshea."

Nikaenda nalo kweli, duka zima likanuka ziwa. Macho yangu yalikuwa kwenye moja ndefu iliyoinuka nyuma, nyekundu, ya kutambia. Akalifunga gunia kwenye keria, akaniambia niikalie na kuirudisha nyuma kwa miguu. Hatua mbili tu ikaanza kulala upande. Yeye mkono wake ulikuwa umeshashika usukani kitambo. Hakusema neno. Akahamishia gunia kwenye TVS ya 125 (hizo ni cc, ukubwa wa injini), kisha Boxer ya 100, kisha ya 150, na kila moja nikairudisha nyuma vile vile, jasho linanitoka.

Ile ya 100 niliitaka kwa sababu hainywi mafuta. Akaniuliza kwetu nikifika kwenye mawe napunguza mwendo au napita moja kwa moja. Lazima nipunguze, watoto wanacheza njiani. Basi akanieleza kwamba kuanza upya katikati ya mlima, mzigo mgongoni, ndiko kunakoichosha injini ndogo. Akachukua spoketi mbili za nyuma, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na mnyororo, akanihesabisha meno kwa kidole: yakiongezeka, pikipiki inapanda kwa nguvu, lakini kwenye lami ya Barabara ya Nyerere italia sana na mwendo hautaongezeka. Nimeendesha gari miaka sita na hayo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Muda wote huo vijana wa boda walikuwa mlangoni. "Mzee, mnyororo!" "Mzee, plagi!" Wengine walinikata jicho, na sikuwalaumu, hesabu ya bosi haingojei mama wa dagaa aelewe meno ya spoketi. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya duka hili: mzee yuko peke yake kaunta. Kijana mmoja wa Sengerema, ambaye tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hasubiri tena kivuko, aliuliza mara tatu pikipiki fulani inakimbia ngapi. Mara zote tatu alirudishiwa swali: kwa wiki unakuja mjini mara ngapi? Mwishowe wakawa wanajumlisha kilomita pamoja, ili ajue oili ataibadilisha baada ya siku ngapi.

Nilichukua Boxer ya 150, kwa bei ile ile aliyonitajia siku ya kwanza. Ila hakunipa siku hiyo. Leseni yangu ilikuwa daraja D, ya gari, nami nilidhani inatosha. Akaniambia injini ikizidi 125 ni daraja A, nikajifunze kwanza. Pikipiki ikakaa dukani wiki tatu, hakunidai hata mia ya kuilaza.

Yaliyoniudhi: kadi na namba niliahidiwa siku tatu, zikaja siku ya kumi na moja, na kila nikipiga simu haipokelewi. Helmeti wanazouza ni nyepesi kama bakuli la plastiki, nilinunua kwingine. Nilipoirudisha baada ya kilomita 500 za kwanza kumwaga oili, fundi alisahau kukaza mnyororo, nikarudi tena kesho yake. Alikaza bure, lakini nauli ya muda wangu nani analipa?

Ukienda, wahi kabla ya saa tatu asubuhi, vijana wa spea hawajajaa. Kigoda kipo kimoja. Jumapili hafungui.