Uzoefu wangu na Vespa PX 150 ya zamani

Niliinunua kwa mtu wa Fuoni, hapa Unguja, rangi imebabuka, kiti kimeshonwa upya. Naingia mwaka wa tatu nayo, kwenda Darajani na kurudi kila siku, na Ijumaa nampakia mama.

Aliyezoea pikipiki ya cheni atapata tabu wiki ya kwanza. Gia haziko mguuni. Unabana klachi kwa mkono wa kushoto, kisha unauzungusha ule mshikio wenyewe mpaka namba unayoitaka. Siku ya pili, pale Mwanakwerekwe, nilidhani niko frii kumbe niko namba moja. Nikaachia klachi, ikaruka kama mbuzi. Wauza ndizi walicheka mpaka basi.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba haina cheni. Injini imefungwa ubavuni, kulia kwa gurudumu la nyuma, na nguvu inaingia moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna grisi ya kukuchafua, na kwa kuwa mbele ya kiti ni wazi, unakaa na kanzu yako bila kuipandisha magotini. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki alikuwa hazipendi. Ya kwanza ilitoka Italia mwaka 1946. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege. Faida yake niliiona siku ya pancha: nati tano, toa tairi, weka la akiba linalokaa ndani ya ubavu wa kushoto. Nilikuwa na kanzu nyeupe, naenda msikitini. Ilipata doa moja, kwenye mkono.

Lakini oili ilinitesa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nanunua petroli ya chupa iliyochanganywa tayari, mwenyewe muuzaji anakadiria kwa jicho. Moshi ukawa mwingi, nguvu ikapungua, na nikiwa naelekea Paje ikanizimikia karibu na msitu wa Jozani. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Fundi aliyenikuta akafungua plagi, akanionesha: nyeusi, imelowa.

"Mwanangu, unaipa nini hii?"

Alinieleza papo hapo, huku anaisugua plagi kwa msasa. Kwenye injini hii, oili ya kulainisha pistoni na beringi haikai chini ikisubiri. Inakuja na petroli yenyewe na kuungua nayo. Ikizidi, plagi inalowa. Ikipungua, pistoni inakwama, na hapo unalia. Mililita 20 kwa kila lita, basi. Gia zina oili yake mbali.

Tangu siku ile nina bomba la sindano la mililita 20 nililonunua duka la dawa. Lita tano, mabomba matano, nachanganya mwenyewe kwenye dumu, natikisa. Plagi sasa inatoka na rangi ya kahawia, kama biskuti.

Breki ya mbele ni ya kuombea dua. Magurudumu ni madogo, inchi 10, kila shimo linakufikia mgongoni. Usiku ukipunguza moto, taa nayo inafifia. Kwa safari za mbali kila siku, tafuta kitu kingine. Kwa mjini siibadilishi.

Kijana wa jirani ananiuliza bei kila wiki. Hata kuipiga kiki bado hajajua.