RAM ya kompyuta ya gemu kwa mfuko mdogo: uagize ipi ukiwa Lamu

Aliyeko Nairobi akinunua RAM (memori ya muda ya kompyuta, huuzwa kama kijiti) isiyoingia kwenye mashine yake, anaibadilisha mchana uleule. Aliyeko Langoni au Mkomani, kijiti chake kitapanda mashua hadi Mokowe, kishike basi la Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na kile cha kubadilishiwa kije kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo hapa tumepanga mambo kwa hesabu ya mtu wa kisiwani: kwanza iingie, pili ziwe mbili, tatu ndipo tuzungumze spidi. Anayeanza na spidi ndiye hulipia kifurushi mara mbili.

Bei hatuziandiki. Tangu mwishoni mwa 2025 zimepanda kwa kishindo, kwa kuwa viwanda vikubwa vya chipu, Samsung, SK Hynix na Micron, vimeelekeza nguvu kwenye memori za vituo vya data vya akili bandia. Bei ya leo huenda isiwe ya wiki ijayo. Fanya hivi: gawa bei kwa idadi ya GB, ulinganishe maduka matatu siku moja.

Iingie kwanza

Kompyuta nyingi za gemu za bei nafuu huku Pwani ni zile za ofisini zilizotumika Ulaya, Ex-UK, zikaongezwa kadi ya grafiki. Hizi zina utaratibu wake, na jina lililoandikwa usoni linakwambia mengi. DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Dell OptiPlex 7010 (ile ya 2012) na 9020, pamoja na HP EliteDesk 800 G1, ni za DDR3. EliteDesk 800 G2 na G3 na OptiPlex 7050 ni za DDR4. OptiPlex 3040 ni mtego: prosesa yake ni ya kizazi cha 6, ungedhani ni DDR4, kumbe inataka DDR3L, ile ya volti 1.35.

Kwa mashine za kujengwa, prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4 zote ni DDR4 na za AM5 zote ni DDR5. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zinakubali zote mbili, lakini mazabodi, lile bamba kuu linalochomekwa prosesa na RAM, hubeba aina moja tu, kwa hiyo soma jina la mazabodi lote hadi herufi ya mwisho. Usifuate jina la prosesa peke yake.

DDR4 na DDR5 zina pini 288 sawasawa, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja. Kijiti kikikataa kuzama, usikisukume kwa kiganja. Ama umekigeuza, ama si cha mashine hiyo.

Kuna pia zile kompyuta ndogo za kiasi cha kitabu, Micro za Dell na Mini za HP. Hizo hula RAM ya laptop. Rula inatosha kutofautisha: kijiti cha kompyuta ya mezani kina urefu wa milimita 133, cha laptop karibu 68.

Kiasi gani

GB 16. Windows 11 peke yake, haijafunguliwa kitu, hula GB 3 hadi 4. Kwa gemu, Counter-Strike 2 inataka 8 kama kima cha chini, FC 24 inapendekeza 12, na Cyberpunk 2077 inapendekeza 16. Mwenye GB 8 anacheza, ila gemu inakwama kila anapoingia eneo jipya, kwa sababu Windows inahamisha vitu kwenda diski na kuvirudisha. Diski yenyewe ikiwa ile ya kuzunguka, utakwenda kutia chai na kurudi. GB 32 ni nzuri, lakini kwa mfuko mdogo pesa hiyo iende kwenye kadi ya grafiki.

Ziwe mbili

Hapa ndipo watu wengi hupoteza nguvu waliyokwisha kuilipia. Kijiti kimoja cha DDR4 cha spidi ya 3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikiwa katika sloti zinazofaa vinapitisha 51.2. Kijiti kimoja ni kichochoro cha mjini kwetu punda akiwa amebeba mawe: awe na mbio vipi, mlioko nyuma mtasubiri apite.

Anayeumia zaidi ni mwenye prosesa yenye grafiki ya ndani, mfano Ryzen 5 5600G. Grafiki hiyo haina memori yake, inakopa kwenye RAM, kwa hiyo kijiti kimoja kinainyonga. Kwa mtu wa aina hii, kutoka kijiti kimoja hadi viwili ndilo badiliko kubwa analoweza kufanya bila kununua kadi. Mwenye kadi yake hatapata fremu (picha kwa sekunde) nyingi za ziada kwa wastani, ila ile mikwamo ya ghafla katikati ya mechi itapungua.

Basi 8 mara mbili, si 16 moja. Tunakubali 16 moja kwa mtu mmoja tu: mwenye mazabodi ya sloti mbili aliyekwisha kuamua kuongeza 16 nyingine karibuni. "Karibuni" hiyo aipime mwenyewe.

Mpangilio wetu

Nambari 1: jozi ya DDR4 ya 8 mara mbili, 3200 CL16, volti 1.35. Inafaa Ryzen 3000 na 5000 na Intel za kizazi cha 12 kwenye mazabodi ya DDR4. Hata H610, mazabodi ya chini kabisa, inafika 3200. Iwe jozi iliyofungwa pamoja kiwandani, si vijiti viwili vya kuokotwa huku na kule. Corsair Vengeance LPX, Kingston Fury Beast, G.Skill Ripjaws V, TeamGroup T-Force: chukua ya bei ndogo kati ya hizo. Tofauti ya majina hutaiona kwenye gemu.

CL, yaani mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, tuieleze kidogo, maana ndiko wauzaji wanakojificha. Zidisha CL kwa 2000, ugawe kwa spidi, upate muda wa kusubiri kwa nanosekunde. 3200 CL16 ni 10. 3600 CL18 ni 10 pia, kwa hiyo usiongeze pesa nyingi kwa ajili yake. Lakini 3200 CL22, ambayo kwenye kasha inaonekana ndugu yake, ni 13.75. Zote "3200". Mwulize muuzaji CL kabla ya kumwuliza bei. Na mwenye Ryzen ya AM4 asipite 3600: kupita hapo, mara nyingi memori na njia ya ndani ya prosesa haziendi tena hatua kwa hatua, na unaweza kurudi nyuma.

Nambari 2: kijiti cha pili cha kufuatana na ulicho nacho. Kwa hesabu ya pesa, hii ndiyo ya kwanza. Tumeishusha kwa kuwa ina bahati nasibu ndani yake. Tafuta aina, ukubwa, spidi na volti zilezile. Vikitofautiana spidi, vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Ukichanganya 8 na 4, mashine nyingi zitafanya kazi: sehemu itatumia njia mbili, iliyobaki njia moja. Si vibaya kwa dharura.

Nambari 3: DDR4 ya mtumba, 2133 au 2400, kwa OptiPlex na EliteDesk za kizazi cha 6 na 7. Mashine hizi hazina XMP (mpangilio wa kuipa RAM spidi yake kamili) kwenye BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuwaka. Core i5-6500 itasimama 2133 na i5-7500 itasimama 2400, hata ukiitilia RAM ya taa na mabawa. Kununua jozi ya 3200 kwa mashine hizi ni kununua namba. RAM ya mtumba haina cha kuchakaa kama diski, kwa hiyo hatuna wasiwasi nayo, ilimradi ipimwe.

Nambari 4: DDR3 1600. Nunua tu kama mashine tayari unayo. OptiPlex 9020 ya mnara ina sloti nne, kwa hiyo vijiti vinne vya GB 4 vinakufikisha 16. Usinunue mashine ya DDR3 leo kwa ajili ya gemu.

Nambari 5: DDR5. Si mbaya, ila kwa mfuko mdogo inakuja na mazabodi ghali na prosesa ghali. Uliyekwisha kununua AM5 huna hiari: 6000 CL30 ikipatikana, CL36 ikikosekana. 4800 CL40 ni nanosekunde 16.7, ndefu kuliko DDR4 ya nambari 1.

Taa hatukuzipa nambari. Ila jihadhari, kuna vijiti vya mapambo vinavyouzwa kujaza sloti tupu: taa ndani, chipu hakuna.

Stika

Kabla ya kutuma pesa, mwandikie muuzaji: "Shekhe, naomba picha ya stika karibu kabisa, na picha ya pande zote mbili za kijiti." Asiyetaka kupiga picha, mwache na kijiti chake.

Tuseme picha imekuja na stika inasema `8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11`. PC4 ni DDR4. PC3 ingekuwa DDR3, na PC3L ile ya volti 1.35. 2400 ni spidi. Herufi inayofuata kistari cha pili ndiyo ya kushika: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptop, R ni ya seva. Za seva hujazana sokoni kwa bei ya kutupa, zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, na kompyuta ya kawaida haiwaki. Ukihesabu chipu ndogo upande mmoja ukapata tisa badala ya nane, hiyo ina chipu ya kukagua makosa. Uulize mara mbili.

1Rx8 ni chipu nane. Ukiona 1Rx16, ni chipu nne kubwa. Inafanya kazi, ila katika gemu iko nyuma kidogo, hivyo iwe na punguzo. Kwa DDR3 kuna mtego mwingine: vijiti vya GB 8 vya bei ya ajabu vilivyoandikwa ni vya AMD tu. Kwenye Intel haviwaki. Maneno hayo yako kwenye tangazo, kwa herufi ndogo.

Kuivusha na kuitia

Mashua ya Mokowe ina marasharasha ya bahari, na maji ya chumvi hula shaba. Mwambie anayetuma aweke vijiti kwenye kasha lao la plastiki au mfuko wa rangi ya fedha wa kuzuia umeme tuli, kisha ndani ya kopo la chakula lenye kifuniko cha kubana. Zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazokuja na viatu, tia mbili. Kikirushiwa maji, usikichomeke. Kisafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, kikauke kabisa.

Kwenye kutia: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha. Katika mazabodi ya sloti nne, vijiti viwili huingia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mashine za Dell na HP hufuata rangi ya sloti au namba. Tazama mchoro ndani ya kifuniko. Bonyeza ncha moja mpaka isikike "ka", kisha ya pili. "Ka" moja tu ndiyo sababu ya kawaida ya skrini nyeusi.

Halafu XMP, ambayo wengi hawaigusi mwaka mzima. Jozi yako ya 3200 itaamka ikiwa 2133, 2400 au 2666. Ingia BIOS kwa Del au F2, washa XMP. Kwa AMD huenda ikaitwa DOCP au EXPO. Ukirudi Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Performance, Memory, usome spidi. Ukitumia programu ya CPU-Z usishtuke kuona 1600: inaonyesha nusu, na nusu ya 3200 ndiyo hiyo.

Ikikataa kuwaka baada ya XMP, zima, chomoa waya, toa betri ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi dakika tano, uirudishe. Kisha jaribu hatua moja chini. Kwa DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mazabodi ikijipima. Usiizime. Na kama umeme wa mtaa wenu huchezacheza jioni, kazi hii ifanye asubuhi.

Mashine ya zamani iliyokaa karibu na bahari ikikataa RAM nzuri, angalia pini kabla ya kulaumu duka. Zikiwa na ukungu au madoa, zisugue taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, upanguse kwa spiriti. Sloti ipulizie hewa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Mwisho ni kipimo. Tia Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia hapo, uiache usiku kucha. Inapaswa kumaliza mizunguko minne bila kosa. Kosa moja ni kosa: pima kijiti kimojakimoja kwenye sloti ileile ujue mbovu ni kipi, piga picha ya skrini, na uitume dukani siku hiyohiyo kabla hujakipeleka kijiti gatini kupanda mashua. Kwa jozi, rudisha vyote viwili.