TAHADHARI: Wakala bandia wa bima ya picha na vinyago, Dodoma

Ndugu zangu mnaohifadhi picha za kuchora na vinyago majumbani, hapa mjini na hadi Kondoa, jihadharini na mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa bima ya kazi za sanaa. Mwezi Novemba alifika kwangu Kisasa, akaipiga picha kwa simu michoro yangu 11 ya mtindo wa Tingatinga na vinyago 4 vya Kimakonde bila kugeuza hata kimoja kuangalia sahihi wala hali ya ubao, akanikabidhi hati yenye nembo na muhuri, nami nikamlipa Sh 640,000 kwenye namba yake binafsi ya simu.

Januari paa likavuja. Picha zangu ni za zamani, zilizochorwa kwa rangi ya kung'aa juu ya ubao mwembamba wa silingi, na ubao huo ukinywa maji huvimba kuanzia pembeni, rangi ikabanduka kama maganda. Tatu zimeharibika hivyo, mojawapo ikiwa ni ya chui aliyoinunua marehemu baba, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Nilipopeleka madai, kampuni iliyotajwa kwenye hati ilinionyesha kwamba namba ya hati ile ni ya bima ya pikipiki ya mtu mwingine kabisa.

Dalili zilikuwepo. Hati yangu iliandikwa "mapambo ya nyumbani" tu, wakati bima ya kweli ya sanaa huorodhesha kila kazi kwa jina la msanii, vipimo, hali yake na thamani mliyokubaliana baada ya mthamini kuikagua. Vilevile aliniahidi fidia ya mchwa na ya mpingo kupasuka kwa ukavu wa hewa yetu, ilhali uharibifu wa polepole wa namna hiyo kwa kawaida haulipwi na bima.

Kabla hamjatoa hata senti, hakikisheni usajili wa wakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, lipeni kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, kisha ihakikini hati katika mfumo wa TIRA MIS.

Nimekwisha kutoa taarifa polisi. Aliyemlipa mtu huyu asifute ujumbe wa muamala, na aipeleke hati yake kituoni mapema, kwa sababu nasikia wiki iliyopita ameonekana Area C akiwa na mkoba uleule wa bluu aliokuja nao kwangu.