Tailscale kwa seva ya nyumbani Lubumbashi: uzoefu wangu

Seva yangu ni kompyuta mpakato ya zamani inayotumia mfumo wa Debian Linux, nayo iko nyumbani Katuba, imeunganishwa na ruta kwa waya. Humo natunza hesabu za madepo ya vinywaji ninayoyafanyia kazi ya uhasibu, na kwa kuwa mara nyingi kazi hunipeleka Kolwezi, nahitaji kuyafungua mafaili hayo nikiwa huko bila kuyakabidhi kwenye hifadhi ya kampuni nyingine. Kwa hilo natumia Tailscale, programu inayoviunganisha vifaa vyangu katika mtandao wa faragha kupitia intaneti.

Njia inayoelezwa kila mahali ni kufungua poti, yaani mlango wa mtandao, kwenye ruta na kuielekeza kwenye seva. Kwangu haikuwezekana, na sababu inaonekana kwenye ukurasa wa ruta yenyewe: anwani ya upande wa nje ikianzia 100.64 hadi 100.127, ujue mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, utaratibu uitwao CGNAT. Hapo hata ukifungua poti zote, anayekuja kutoka nje anakomea kwenye mitambo ya mtoa huduma, ambayo huna mamlaka nayo. Niliomba anwani ya umma, nikajibiwa kwamba hutolewa kwa makampuni tu.

Tailscale haingoji mtu aingie kutoka nje. Seva na simu, kila moja kwa upande wake, hutoka kwenda kwenye seva ya uratibu, hubadilishana anwani na funguo za umma, kisha hutafutana moja kwa moja. Data husimbwa kwa WireGuard, itifaki ya kulinda mawasiliano ambayo iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, na ufunguo wa siri hautoki kwenye kifaa chako. Kuisakinisha ni kazi ndogo sana.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kasi. Ukiandika amri ya «tailscale ping» pamoja na jina la seva, jibu linakueleza njia iliyotumika. Nikiwa kwenye Wi-Fi nzuri, majibu ya kwanza hupitia DERP, yaani seva za kampuni ya Tailscale za kupitishia data, halafu anwani ya kweli inatokea na njia inakuwa ya moja kwa moja. Nikitumia mega za simu, hali hubadilika: simu nayo iko nyuma ya CGNAT, pande mbili hazionani, na mara nyingi kila kitu kinazungukia Johannesburg kabla ya kurudi Lubumbashi. Majedwali ya hesabu hufunguka vizuri hata hivyo, lakini faili kubwa la skani za fakturi linachosha, na mega zinaliwa vilevile. Usiri haupungui, kwa sababu seva hizo hupitisha data iliyosimbwa bila kuweza kuisoma.

Anayeacha seva nyumbani na kusafiri azingatie kwamba kwa kawaida ufunguo wa kila kifaa huisha muda baada ya siku 180, isipokuwa ukizima kipengele hicho kwenye ukurasa wa usimamizi. Kwa seva, kizime kabla hujapanda basi, kwa maana ufunguo ukiisha ukiwa mbali, huenda ikabidi mtu aliye nyumbani aketi mbele ya kompyuta kuuhuisha. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta mpakato huishikilia seva kwa muda, lakini ruta haina betri, kwa hiyo nimeiwekea kifaa kidogo cha akiba ya umeme. Intaneti ikirudi, Tailscale hujiunganisha yenyewe.

Kasoro ninayoiona ni kwamba seva ya uratibu ni mali ya kampuni, na kuingia kunategemea akaunti ya Google, Microsoft au nyingine ya namna hiyo. Asiyeridhika na hilo anaweza kuendesha Headscale, programu huria inayofanya kazi hiyo ya uratibu, ila itamlazimu kukodi seva yenye anwani ya umma. Mimi nimebaki na huduma ya bure ya Tailscale, na kwa hesabu za madepo inanitosha kabisa.